Mishipa ya Bosi

Jumapili, tarehe 2 Machi

Kwako mke wangu mkubwa, bibi yangu, fundi wa magodoro,

Shikamoo, tena shikamoo ya mikono miwili. Umeamkaje? Magoti yameacha kugombana na ile ngazi ya nyuma? Kifua je, sufi haijakuingia tena puani ukapiga chafya mpaka majirani wakadhani umeita? Mimi mzima, nakula, nalala, nakoroma. Wivu wangu nao uko palepale. Nasikia yule muuza mkaa anapita hapo kila asubuhi kukuulizia hali. Mwambie una mume, yuko safarini, na mumeo ana mikono ya kubeba vioo.

Umeniuliza kwa nini huku wananiita Dirisha. Bibi, kazi yenyewe ndiyo imenibatiza. Karakana yetu ni ya vioo vya madirisha, na vichochoro vya huku ni vyembamba, gari haliingii. Basi kioo kinaingia na mimi. Nakikamata kwa mkanda wa ngozi, nakiegemeza begani, natembea. Nikikisimamisha, watu wanajiona wanapita ndani yangu, wanawake wanatengeneza vitambaa vyao kichwani bila hata kunisalimia. Nikikilaza kichwani, mbingu yote inaingia. Juzi nilivuka barabara na wingu zima na ndege wawili, na sikuwatoza nauli.

Sasa sikia kituko. Bosi wangu, mwenye karakana, amepata kazi ya kuweka vioo kwenye jengo refu. Wenye jengo wamesema kila aliyepita miaka hamsini, kabla hajapanda kwenye yale majukwaa ya mbao huko juu, apimwe kliniki: presha, na tena mishipa ya damu, waone imekakamaa kiasi gani. Bosi ana miaka hamsini na minane na anaogopa kliniki kama paka anavyoogopa maji. Mwaka juzi alimpeleka mwanawe kung'oa jino, akazimia yeye. Akaniita nyuma ya marundo ya vioo, akaniambia, "Dirisha, wewe unabeba mizigo kutwa na hata chafya hupigi. Nenda ukanilalie kitanda cha kliniki."

Nikaenda kumlalia. Jina lake, miaka yake, mwili wangu. Miaka yangu arobaini na moja si mingi kwa mzee wa hamsini na minane, kwa hiyo nilijipaka kidogo ule unga mweupe wa puti, tunayobandikia vioo, kwenye nywele za pembeni, nikawa mzee wa heshima. Nilipolala, unga ukamwagika kwenye mto. Mpimaji, mwanamke mmoja mpole mwenye viatu visivyo na sauti, akaniuliza kama ni fundi ujenzi. Nikasema ni bosi wa vioo. Sikusema uongo, Bibi, nilisema kwa niaba.

Walinifunga mikanda ya presha minne, miwili mikononi, miwili vifundoni, kama mbuzi wa kuuzwa. Akaniambia nilale chali, nisiongee, nipumue tu. Mimi, nisiongee. Unajua ni adhabu gani hiyo. Chumba kilikuwa na pazia la kijani, na jua linapita kwenye pazia, ukutani kukawa kama chini ya maji. Mikanda ikaanza kuvimba polepole, ikanibana, ikaniachia. Nikasinzia. Nikaota niko mdogo sana, natembea ndani ya mguu wangu mwenyewe kama mtu anayepita nyumba yenye vyumba vingi, nagonga kila mlango, na kila mlango unafunguka kabla sijaufikia. Sikuona mtu ndani. Upepo tu, na harufu ya sufi mbichi.

Nilipoamka mpimaji alikuwa anaangalia mashine. Nikamwuliza inasemaje. Akasema moyo ukisukuma damu, kunatoka wimbi linalopita kwenye mishipa, na mashine inapima wimbi hilo linafika miguuni haraka kiasi gani. Nikamwuliza langu je. Akasema linakwenda mbio sana. Nikajua tu. Mtu wa mbio, wimbi lake litatambaa? Bosi atapata karatasi safi kama kioo kilichopanguswa.

Majibu wiki ijayo. Nisalimie wote, muuza mkaa mnunie.

Mimi mumeo,
Mjukuu

*

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mume wangu mtoro,

Marahaba. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yanaongea, lakini siku hizi yanaongea yenyewe kwa yenyewe, mimi siyajibu. Barua yako niliisoma dirishani mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikatafuta miwani.

Huku kazi ipo. Nashona godoro la bwana harusi mmoja ambaye kila siku anakuja kulijaribu kwa kulikalia, halafu anaondoka anatabasamu. Sufi imepukutika ndani ya chumba, asubuhi mlango ukifunguliwa inaruka yote pamoja, nakaa katikati yake sionekani. Mwanamke wa jirani aliingia akaniita na mimi niko mbele yake. Muuza mkaa habari zake usiniulize, mtu mwenye meno mawili hawezi kuvunja ndoa ya watu.

Lakini hiyo habari ya kumlalia mtu sijaielewa vizuri. Na huyo mpimaji alikuambia wimbi kwenda mbio ni jambo jema, au umejisemea? Mimi sijui mambo ya mashine. Godoro nalijua: ukilipiga ngumi likiwa zuri, ngumi inazama, linameza. Likishagandamana, ngumi inakurudia kwenye bega. Nauliza tu.

Bado unatia chumvi kabla hujaonja? Sigara je? Usinidanganye, nimekulea.

Juzi mchana nilipitiwa na usingizi juu ya godoro la mwenyewe, nikaota kioo kikubwa kinavuka barabara peke yake. Watu wanakipisha. Nikawa natazama chini yake kutafuta miguu yako.

Kula vizuri.

Bibi yako, mkeo

*

Jumapili, tarehe 23 Machi

Kwa mke wangu mwenye maswali kama hakimu,

Shikamoo. Habari za hapo, habari za magoti, habari za bwana harusi na godoro lake? Mimi mzima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Kaa chini kwanza.

Majibu yametoka. Umeshinda wewe: mbio si nzuri. Mpimaji alinieleza kwa mpira wa maji. Mpira mpya ni laini, maji yakija kwa nguvu unajitanua, unayapokea, unayapeleka taratibu. Bomba la chuma halijitanui, maji yanapiga kama rungu mpaka mwisho. Mishipa inatakiwa iwe kama mpira. Ikikakamaa, wimbi linakimbia, moyo unachoka kusukuma, na kule mwisho, kwenye ubongo na figo, panapigwa rungu kila mpigo. Mishipa ya bosi, akasema, imemtangulia bosi umri. Yeye ana hamsini na minane, mishipa yake inakaribia themanini. Na presha nayo iko juu. Haruhusiwi kupanda majukwaa. Akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, apunguze chumvi, aache sigara, arudi baada ya miezi mitatu.

Nikamletea bosi karatasi na vidonge. Nilidhani atanirushia patasi. Alisoma ile karatasi, akaisoma tena, halafu akakaa. Bibi, wallahi nakwambia, bosi alikaa kwenye kigoda na kuweka mkono kifuani. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, kwamba hata yeye alikuwa anahisi kitu.

Tangu siku hiyo anaumwa. Anatembea kama aliyebeba yai. Chumvi kaiacha. Mke wake anampikia chakula cheupe cheupe kisicho na ladha, na bosi anakila huku anaangalia mbali. Vidonge anavimeza kila asubuhi mbele yetu, anafumba macho. Fundi mkata vioo akamwuliza kwani alipimwa lini, bosi akamjibu kwamba jina limeandikwa pale, unataka ushahidi gani tena. Nilikimbilia nyuma ya marundo nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Yeye anaumwa ugonjwa ambao hakuulalia, na mimi niliyelala ndiye ninayebeba vioo vyake vyote, pamoja na vile alivyokuwa anabeba yeye. Dunia ina vichekesho, mke wangu.

Jioni nikirudi na mkanda mtupu begani, napita ukingoni mwa jengo refu. Halina vioo bado. Jua linaingia upande huu linatokea upande ule, kama jengo halipo. Nasimama hapo natazama mpaka nasahau njaa.

Mumeo mwenye mbavu,
Mjukuu

*

Jumapili, tarehe 30 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Godoro la harusi limekwenda.

Nimesoma barua yako nikacheka pamoja na wewe mpaka kwenye ule mstari wa ugonjwa ambao bosi hakuulalia. Hapo nikaacha. Nina swali moja, sitauliza mengine.

Aliyelala pale kitandani ni nani?

Bibi yako

*

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Nimekawia, najua. Kalamu iliisha wino, kisha wino ukapatikana kalamu ikapotea, kisha nikawa sina la kusema, na mimi nikikosa la kusema ujue kweli kalamu ni nzito.

Swali lako nimelibeba wiki zote hizi kama kioo cha dirisha la duka, huwezi kuliweka chini popote. Niliyelala ni mimi, najua. Lakini nafikiri hivi. Mashine ile ilipewa jina la bosi na miaka ya bosi kabla haijaanza kuhema. Labda inajua zaidi kuliko tunavyodhani. Mzigo ukibandikwa jina la mtu, unamfuata mwenye jina hata ukipakiwa na mwingine. Na kweli umemfuata. Bosi ndiye anayezidi kuzorota. Akiinuka anashika meza. Mimi naruka ngazi.

Basi nikajisemea hivyo, nikalala vizuri siku kadhaa.

Nikuambie na lingine, usije ukasema nimekuficha. Asubuhi huwa kichwa kinagonga nyuma, hapa kisogoni, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Na Ijumaa nilikuwa katikati ya kichochoro na kioo kikubwa kuliko mimi, mchana wa jua, nikaona sufi. Sufi, Bibi, inashuka pole pole mbele ya macho yangu, nyeupe, inang'aa, mitaa yote imejaa. Nikasimama. Nilifurahi kwanza, nikadhani niko kwako. Kisha nikasikia mwanamke mmoja ananiambia, "We Dirisha, mbona umeegemea ukuta wangu?" Kioo hakikuvunjika. Nilikifikisha.

Ningekwenda kliniki, lakini nitasema nini? Pale mimi ni bosi. Nikisema mimi siye, bosi ataonekana mwongo kwa wenye jengo na kazi itapotea, ya kwake na yangu. Ameniambia wazi: siku nitakayofungua mdomo, niufungue nikiwa njiani kurudi kwetu.

Nisalimie magoti.

Mumeo

*

Jumapili, tarehe 4 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima, chakula kinapita.

Nataka nikuambie habari za baba yako, mwanangu mimi. Unazijua, lakini uliambiwa ukiwa mdogo, na mtoto huambiwa kwa mkato. Alikuwa na umri huo wako, labda amekuzidi miaka miwili. Alikuwa anabeba milango kwenye karakana ya seremala. Asubuhi zake zote alikuwa akishika kisogo na kusema kuna mtu anabisha hodi. Tukacheka. Yeye alikuwa kama wewe, ukikaa naye mbavu ndizo zinazokuuma, hukumbuki kumwuliza kinachomwuma yeye. Siku ile alikuwa amebeba mlango mpya, anamtania mtu mwenye nyumba kwamba ameleta mlango na mwizi wake. Akauegemeza ukutani vizuri, ukasimama. Yeye ndiye aliyeanguka. Watu walikuwa bado wanacheka.

Wakati ule hakukuwa na mtu wa kutuambia kwamba mwanamume mwenye mabega yale amezeeka ndani. Tulimtazama kwa nje tukasema mzima. Wewe umeambiwa. Umeambiwa na mashine, na mtu mpole mwenye viatu visivyo na sauti, na ukachukua ulichoambiwa ukampa jirani.

Wewe ndiye uliyebaki kwangu. Sina mjukuu mwingine wa kunioa.

Sasa mimi nimenuna. Kununa kwenyewe si kwa utani. Sitakuandikia tena mpaka utakapolala pale kwa jina lako.

Bibi yako

*

Jumapili, tarehe 18 Mei

Bibi,

Shikamoo. Umenuna kweli au barua imepotea? Nikitazama kwenye sanduku la posta naona buibui tu, naye ameninunia.

Chumvi nimepunguza. Nimemwachia jirani chungu changu cha chumvi, ananipa kidogo kidogo kama dawa. Sigara bado tunazungumza.

Bosi haji tena kazini kabla ya saa nne. Juzi nilimwambia kwamba hivyo vidonge huenda si vyake. Aliniangalia kwa huzuni kama naongea lugha ya ng'ambo, akaniuliza, kama si vyake, kwa nini anaumwa hivi?

Bibi, nilichukua kioo changu nikatoka. Kweli anaumwa.

Naogopa. Nimeandika hilo neno na sijalicheka. Sikulala vizuri, nikaota niko juu ya jengo refu, vioo vyote vimewekwa, na ndani ya kila kioo yuko mtu mmoja amelala chali, ananyamaza, anapumua. Nikawa nazunguka kugonga, niwaamshe, na kila kioo nikikigonga kinatoa mlio mgumu wa chuma.

Jibu hata kwa mstari mmoja. Nitukane tu.

Mumeo

*

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwako Bibi yangu uliyenuna,

Shikamoo. Najua utaruka mistari kutafuta majibu, kwa hiyo nakupa kwanza, kisha usome kwa raha. Niko hai. Nimelala pale. Mishipa ile ni yangu, yote, mpaka ya vifundo. Vidonge viko mfukoni mwa shati, na pakiti imeandikwa jina langu. Haya, sasa umeamkaje? Magoti?

Ilikuwa Alhamisi. Bosi alifika, akameza kidonge chake, akakaa kwenye kigoda akitazama mkata vioo anavyofanya kazi. Simu ikalia, akasimama haraka. Bibi, alishuka chini kama nguo inayoanguka kwenye kamba. Hakupiga hata kelele. Nilikuwa karibu nikamdaka kabla kichwa hakijafika kwenye vipande vya vioo.

Gari haliingii kwetu. Tuna ule mkokoteni wa vioo, tumeutandika blanketi ili mali isikwaruzike. Nikampakia bosi hapo. Mkata vioo akataka kumfunga kwa mkanda wa ngozi kama kioo, nikamwambia huyu hata akivunjika hatuwezi kumkata upya. Nikasukuma. Wanawake wa vichochoroni walikuja mlangoni kwa mazoea, wajitengeneze vitambaa, wakakuta bosi amelala chali anatazama mawingu, macho nusu. Wakatupisha. Mimi nikasukuma taratibu, maana kile kisogo changu nacho kilikuwa kinabishiwa hodi, na nilijua tukianguka wawili hakuna wa kusukuma.

Njiani akanishika mkono wa shati. Alisema mbingu ni kubwa hivi na yeye miaka yote anauza vioo hajawahi kuitazama. Nikamwambia atulie, mbingu haihami.

Kliniki, mpimaji alitokea na viatu vyake. Akaniangalia mimi, akaniuliza, "Bosi, huyu uliyemleta ni nani, na anatumia dawa gani?"

Bosi akafungua jicho moja. Lile jicho lilisema yote: jengo, kazi, basi la kurudi kwetu. Lilinitazama. Mimi nikawa namtazama yeye, na midomo yake ilikuwa na rangi ya puti. Nikawaza kwamba nikisema uongo mdogo tu, kwamba huyu ni ndugu yangu, hatumii chochote, nao watamtibu kitu kingine, na kesho asubuhi atameza kimoja tena. Na mimi nitabeba kioo tena. Utani wote nilionao, Bibi, niliutafuta hapo mdomoni. Haukuwepo.

Nikasema, "Huyu ndiye bosi. Mimi ndiye niliyelala."

Mpimaji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayepanga viatu vilivyochanganyika, kisha akamlaza bosi, akamwinua miguu, akampima. Presha ya bosi ilikuwa chini kabisa. Mtu hakuwa na presha hata kidogo, akawa anaishusha kila asubuhi kwa dawa yangu. Akamnyima vidonge papo hapo, akampa maji anywe, akasema atakaa hapo mpaka asubuhi wamwangalie. Ndipo akageuka kwangu, akasema polepole, kama anajisemea yeye:

"Kumbe wiki zote hizi nimekuwa nikitibu jina."

Nilitaka kumwomba radhi, akaniashiria kitanda cha pili.

Nakueleza alichoniambia baadaye, maana najua utauliza. Mishipa haigeuki tena kuwa ya mtoto. Lakini haijawa chuma, iko njiani kuelekea huko, na safari hiyo inaweza kupunguzwa mwendo, wakati mwingine hata kurudishwa hatua chache. Presha ikishuka, wimbi nalo linatulia. Kidonge kila siku, hata siku ninayojisikia simba. Sigara basi, hapo hakukuwa na mazungumzo. Kutembea niendelee, tena sana, ila vioo vikubwa nisibebe mpaka aseme yeye. Nikamwambia habari za baba. Akaziandika. Akaniambia ningezisema siku ya kwanza asingeniachia niondoke na karatasi tu. Nikamjibu kwamba siku ya kwanza nilikuwa na baba mwingine, baba wa bosi, ambaye sikujua alikufa kwa nini. Hapo alicheka, kidogo, na kuficha kwa mkono.

Bosi naye alipimwa kesho yake, kwa mwili wake. Alifumba macho akashika kitanda kwa mikono miwili. Mishipa yake ni mizuri kuliko miaka yake. Angeweza kupanda jengo lile akicheza. Tangu tutoke pale hajaniambia neno. Ananisalimia kupitia kwa mkata vioo, anamwambia, mwambie habari za asubuhi. Kazi sijui kama ninayo. Nakwenda, nakaa, napaka puti kwenye fremu, na hakuna aliyenifukuza. Wenye jengo bado hawajajibu. Jana mke wa bosi alileta chakula, na sahani moja ilikuwa haina chumvi, akaiweka mbele yangu.

Ila nimeruka jambo, na ndilo nililotaka kukuandikia tangu mwanzo.

Nilipolala kwenye kile kitanda, kabla hajanifunga mikanda, alikaa mbele ya mashine akaweka vidole. Jua lilikuwa kwenye lile pazia la kijani, bosi anapumua upande wa pili, nje mtu anafagia. Akaniuliza jina. Bibi, nilichelewa. Miaka yote niliyokaa huku hakuna aliyewahi kuniuliza. Ni Dirisha njoo, Dirisha beba, Dirisha shika upande huu. Nikalitaja. Lile ulilonipa wewe, lote, na la baba nyuma yake. Nililitaja kwa sauti ndogo, nikadhani hajasikia. Akaandika. Kisha akaliita, polepole, asije akakosea, na kuniangalia kama anasubiri.

Nikaitika.

Mjukuu wako